Daftari la Kijana Anayetaka Kutembea Ulaya Peke Yake



Jumapili moja baada ya Misa ya pili, kijana mmoja wa kikundi chetu hapa Likasi alitufuata hadi chini ya mwembe ulio nyuma ya ukumbi wa parokia, akatukabidhi daftari la shule lenye jalada la buluu. Ndani yake alikuwa amechora kwa kalamu nyekundu safari ya siku 45: Lisbon, Fátima, Santiago de Compostela, Lourdes, Marseille, Assisi, Roma. Chini ya kila mji aliandika bei ya kitanda, bei ya mkate na bei ya basi. Alikadiria euro 35 kwa siku, yaani euro 1,575 kwa safari nzima, mbali na tiketi ya ndege. Angekwenda peke yake, na mkoba wa mgongoni, ule mnaouita sakado, wala asingelala hotelini hata usiku mmoja. Mambo hayo alijifunza kwenye simu, kwa kutazama video za vijana wa Ulaya na Marekani wanaozunguka kusini mwa Ulaya kwa fedha kidogo na kujivunia uchache wake.

Kabla ya kutufikia sisi, daftari hilo lilipita mikononi mwa wazee wawili wa baraza la parokia. Wa kwanza alicheka. Wa pili hakucheka, alimtazama kijana kwa muda, akamwuliza: "Mwanangu, nani amekutuma?"

Swali hilo ndilo lililotushikisha kalamu. Kwetu safari huwa na mtumaji. Mtu husafiri kwa sababu ya msiba, masomo, matibabu, harusi ya mdogo wake, au mzigo unaomngoja Kasumbalesa. Anayeondoka bila kutumwa huulizwa kama amefukuzwa nyumbani, na anayetembea peke yake hutiliwa shaka kabla hajafungua kinywa. Wazee wana methali yao, kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, tena wanakumbusha kwa haki kwamba Bwana aliwatuma wanafunzi wake wawili wawili. Tumewasikiliza kwa heshima. Hata hivyo twasema waziwazi: kijana huyu aachwe aende, na aende peke yake kama anavyotaka. Tutaeleza kwa nini. Tutaeleza pia mahali ambapo daftari lake lina kosa, maana kosa limo, nalo ni kubwa, ijapokuwa hesabu zake zimejumlishwa sawasawa.

Wale wanaotaja wawili wawili wasisahau kwamba Yakobo alikuwa peke yake usiku ule wa Betheli, akalaza kichwa juu ya jiwe. Malazi ya bei nafuu kuliko hayo hayajapatikana bado. Eliya alitembea siku arobaini kuelekea Horebu bila mwenzi. Naye Filipo alikuwa peke yake kwenye njia ya Gaza alipokutana na Mwafrika aliyekuwa akirudi kutoka Yerusalemu, ameketi garini, anasoma kwa sauti kitabu asichokielewa. Twapenda kuwakumbusha vijana habari hiyo ya mwisho kwa sababu mara nyingi tunahubiriwa upande wa Filipo tu. Yule Mwethiopia naye alikuwa msafiri. Alikuwa ametoka mbali, amefika, ameabudu, na sasa alikuwa njiani kurudi kwao.

Tunasema "sisi" kama ilivyo desturi ya ukurasa huu, lakini katika habari inayofuata "sisi" ni mtu mmoja tu, mwembamba kuliko alivyo leo, mwenye begi la kuazima. Mwaka 2004 tulipelekwa Roma kwa mafunzo ya majuma sita ya walezi wa makatekista. Mafunzo yalipokwisha, tiketi yetu ya kurudi ilikuwa bado siku kumi. Nyumba iliyotupokea ilikuwa inafungwa kwa likizo, na mfukoni tulikuwa na euro 190. Mwenzetu mmoja alishauri tukae mahali pamoja, tule kidogo, tulale sana. Tulikuwa na miaka thelathini na kitu, na hatukuwahi kuwa mahali ambapo hakuna hata mtu mmoja aliyejua tumelala wapi. Tukaondoka.

Basi tukajifunza mambo ambayo hayafundishwi katika chuo cha ualimu. Tulijifunza kwamba barabarani Roma kuna viguzo vya chuma vyenye mrija uliopinda, vinavyotoa maji baridi usiku na mchana, ya kunywa, bila malipo. Mtu mwenye chupa tupu hahitaji kununua maji mji ule wote. Tulijifunza kwamba kahawa ikinywewa kwa kusimama kaunta ina bei yake, na kahawa hiyohiyo ikinywewa kwa kuketi mezani ina bei nyingine, inayoweza kuwa mara mbili. Tulijifunza kwamba mkate wa Umbria hauna chumvi, na kwamba mwenye njaa husahau jambo hilo siku ya pili. Kule Assisi masista walitupa kitanda na kutuonyesha kisanduku cha mbao chenye tundu: kila mtu aweke awezacho. Usiku ule tuliona aibu ya kuweka kidogo, asubuhi tukaweka zaidi ya tulichoweza. Hilo nalo lilikuwa kosa, maana siku hiyohiyo lilitokea jambo la treni.

Tulikuwa na tiketi. Tulikuwa tumeinunua kwa fedha halali, na tulikuwa tumeishika mkononi kama mtoto anavyoshika kadi ya ubatizo. Lakini hatukujua kwamba kwa treni zile ndogo za mikoani tiketi ya karatasi sharti igongwe muhuri kwenye mashine ndogo ukutani kabla ya kupanda. Mkaguzi alieleza kwa haraka, tukaeleza kwa Kifaransa, abiria wakatazama dirishani. Faini ile ilikula chakula cha siku tatu. Hakuna aliyetutukana wala kutuonea. Kanuni ilikuwa imeandikwa, ila haikuandikwa kwa ajili yetu. Jioni hiyo tulikula mkate ule usio na chumvi pamoja na nyanya mbili, tumeketi ngazini pa kanisa, tukamkumbuka bibi yetu aliyekuwa akisema: msafiri maskini ajapokuwa sultani.

Tulikuwa tumeisikia methali hiyo tangu utotoni, tukidhani inazungumzia fedha. Ugenini tuliielewa vingine. Hapa Likasi huwezi kutoka Kikula hadi sokoni bila kusalimiana na watu ishirini, na kati yao watatu watakuuliza hali ya mama. Siku ya nne ya safari yetu tulitambua kwamba tangu Roma hakuna aliyetusalimu ila kwa kutuuzia kitu. Umaskini wa msafiri ni huo: hakuna ajuaye wewe ni mtoto wa nani. Sultani naye, akivuka mpaka, huwa mtu tu. Na twaamini, vijana, kwamba ni vizuri mtu aonje umaskini huo walau mara moja, akiwa mtu mzima, akiwa na afya, kabla hajapewa madaraka juu ya wengine. Mwalimu aliyewahi kuwa mgeni asiyejua mlango uko wapi humtazama kwa jicho lingine mtoto anayehamia darasani kwake katikati ya mwaka. Hivi ndivyo tulivyokuwa sisi tuliporudi, na tangu hapo wanafunzi wetu wa ualimu huanza mwaka kwa kueleza siku waliyopotea njia.

Kutoka Assisi tulikwenda Loreto, tukabadilisha treni Foligno na Falconara. Stesheni ya Loreto iko bondeni na basilika iko juu kilimani. Tukiwa tunapanda na begi letu tulimkuta bibi mzee mwenye kapu la mboga, tukalichukua. Alizungumza Kiitaliano njia nzima, nasi tukamjibu kwa Kifaransa, na kwa namna hiyo tulielewana kuhusu supu. Mlangoni pake alitunyoshea kidole usoni, kisha akaonyesha basilika, akacheka sana. Tulikunywa supu yake tukiwa na uchungu kidogo moyoni, tukidhani tumechekwa rangi yetu. Kesho yake tuliingia katika Nyumba Takatifu, ile ambayo mapokeo husema ni nyumba ya Bikira Maria kutoka Nazareti, tukainua macho. Bikira Maria wa Loreto ni mweusi. Sanamu ya zamani iliungua kwa moto mwaka 1921, na walipochonga nyingine hawakumfanya mweupe. Tulirudi nyumbani kwa bibi kumshukuru, lakini alikuwa ametoka.

Sasa tugeukie wale wenye video. Katika bweni la Roma tulilala watu wanane chumba kimoja, na jioni wengine walishindana nani ametumia kidogo zaidi siku hiyo. Mmoja alikuwa amekula tambi tupu siku tano, akasimulia kama askari anavyosimulia vita. Hatusemi haya kwa chuki; walikuwa vijana wema, na mmoja alitugawia sabuni. Lakini umaskini wao ulikuwa na mlango wa kutokea. Katika mfuko wa ndani mlikuwa na kadi ya benki, na pamoja na kadi pasipoti inayofungua nchi zaidi ya mia moja bila maswali. Umaskini wa mtu anayeweza kuuacha Jumatatu ni mazoezi, na mazoezi si dhambi. Ubaya huanza pale kijana wa Likasi anapotazama mazoezi hayo kwenye simu na kudhani ndiyo maisha, kisha akaona haya kwa umaskini wa kwao usio na mlango huo.

Wako waliotembea kusini mwa Ulaya bila kadi mfukoni. Mtakatifu Benedikto Yosefu Labre alizaliwa mwaka 1748 katika kijiji cha Amettes, kaskazini mwa Ufaransa. Alibisha hodi katika monasteri kadhaa, hakuna iliyomfaa wala aliyeifaa. Ndipo akashika barabara: Loreto mara nyingi, Compostela, Assisi, na mwishoni Roma, ambako alilala katika magofu ya Kolosai. Alikufa mwaka 1783, akatangazwa mtakatifu mwaka 1881. Alikuwa mchafu, mwenye chawa, na waungwana wa Roma walimkwepa njiani. Twajiuliza mara nyingine kama leo angepata viza.

Na yuko wa kwetu. Kijana aliyetuletea daftari hakuwa amewahi kumsikia, nasi tulilazimika kuona aibu kwa ajili ya katekesi yetu. Mwaka 1604 Mfalme Alvaro II wa Kongo, akikaa Mbanza Kongo ambayo leo imo Angola, alimtuma balozi kwa Baba Mtakatifu. Jina lake Antonio Manuel Nsaku Ne Vunda. Alipitia Brazili, akanyang'anywa na maharamia baharini, akafika Ureno, akakaa muda mrefu Hispania akingoja ruhusa na msaada, huku wenzake wakifa mmoja mmoja. Mwanzoni mwa Januari 1608 aliingia Roma akiwa mgonjwa sana. Papa Paulo V alimtembelea kitandani. Katika mkesha wa Epifania alifariki, asiwahi kupokewa kwa fahari iliyokuwa imetayarishwa, akazikwa katika Basilika ya Santa Maria Maggiore. Sanamu ya kifua chake, ya mawe ya rangi, uso mweusi, ingali pale hadi leo. Ni basilika ileile alimozikwa Papa Fransisko mwezi wa Aprili 2025, na mahujaji wanaopanga foleni kwenye kaburi la Papa hupita karibu na Mkongo huyo bila kumjua. Sisi wenyewe mwaka 2004 tulipita bila kumjua! Tulisimama ndani ya basilika hiyo nusu saa tukistaajabia dari.

Tumwombe kijana wetu jambo moja tu la hija: atakapofika Roma, aende akamsalimu Ne Vunda kwa niaba yetu.

Lakini atafikaje? Hapa ndipo penye kosa la daftari. Kurasa kumi na nane za bei za mkate, na hakuna hata mstari mmoja kuhusu viza. Wale wa kwenye video hawaitaji, kwa kuwa hawaihitaji. Kwa Mkongo, viza ya siku chache kwa nchi za eneo la Schengen inagharimu euro 90 tangu Juni 2024, na fedha hiyo hairudishwi ukikataliwa. Sharti uwe na bima ya safari ya angalau euro 30,000. Maombi hupelekwa kwa nchi utakakokaa siku nyingi zaidi. Tena sharti uthibitishe kwamba unazo fedha za kujitunza. Kila nchi ina kipimo chake: Ureno huhesabu euro 75 kwa kuingia na euro 40 kwa kila siku, ambazo kwa siku 45 ni euro 1,875, Hispania hudai zaidi ya euro 100 kwa kila siku, na kwa siku hizohizo inapita euro 4,500.

Soma tena tarakimu hizo. Kijana amethibitisha kwa kalamu nyekundu kwamba mtu anaweza kuishi kwa euro 35, na anasema kweli; katika nyumba za mahujaji za Galicia kitanda ni euro 10 hivi, na kwingine kuna kisanduku kama kile cha Assisi. Mwaka 2023 zaidi ya watu 400,000 walifika Santiago wakapokea hati ya hija, na wengi wao waliishi hivyohivyo. Lakini kanuni haimtambui msafiri maskini aliyetoka kwetu. Inamtambua msafiri mwenye fedha, na inamtambua mtu inayemshuku kwamba hatarudi. Katikati yao hakuna kiti. Twaona hilo ni dhuluma, na twalisema kwa utulivu: njia ya Yakobo ilikuwa ya maskini kabla haijawa ya watalii, na leo inamwomba maskini athibitishe kwamba yeye si maskini.

Basi anakuja dalali. Mnamjua, hukosekani mji bila dalali. Atakutengenezea taarifa ya benki ya miezi mitatu, barua ya mwajiri, hata cheti cha ndoa ili uonekane una sababu ya kurudi. Atasema kila mtu hufanya hivyo. Kabla ya kumjibu, kumbukeni Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma, mfanyakazi wa ofisi ya ukaguzi wa bidhaa, aliyekataa rushwa ili chakula kilichooza kisiingie sokoni, akauawa mwaka 2007 akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenye heri katika Basilika ya Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta, hukohuko Roma. Itakuwa ajabu mtu afike kuheshimu mahali pale kwa karatasi iliyooza.

Tena uongo wa mmoja hulipwa na wengine. Agosti 2023, Siku ya Vijana Duniani ilipofanyika Lisbon, vijana zaidi ya mia moja wa Angola na Cabo Verde waliopata viza kwa jina la hija hawakuonekana kwenye vikundi vyao. Wala tusiwanyoshee wengine kidole. Miaka kadhaa iliyopita, katika parokia moja tuijuayo, vijana waliuza mikate, wakafua nguo za watu, wakachanga faranga juu ya faranga ili mwenzao mmoja aende mkutano wa vijana Ulaya. Akaenda. Hakurudi. Sisi ndio tuliosaini barua yake ya tabia njema. Hatumhukumu: mama yake leo analala chini ya bati, na zamani ilikuwa nyasi. Lakini baadaye wasichana wawili wa parokia hiyohiyo, wenye karatasi safi, walinyimwa viza. Hatuwezi kuthibitisha kwamba sababu ni yeye. Tulipoombwa kusaini tena, mkono ulikuwa mzito, nao walituona.

Kuna pia wale wanaofika kusini mwa Ulaya bila viza wala ndege, kwa jangwa na mashua. Safari ya kwanza ya Papa Fransisko nje ya Roma, tarehe 8 Julai 2013, ilikuwa kwenda Lampedusa kuwaombea waliozama. Bahari ambayo kijana wa video huioga ni hiyohiyo. Twataka kijana wetu ajue hilo atakapoketi ufukweni Marseille, si ili asioge, bali ili ajue anaoga wapi.

Msichana mmoja wa kikundi alitusikia tukizungumza haya akauliza: "Na mimi, baba, ningeleta daftari, mngesemaje?" Tulimjibu kwamba yeye aende na mwenzake. Akasema: "Kwa hiyo barabara ni ya wavulana." Tulitaja hatari, nazo ni za kweli, barabarani hapa na kule. Hakubisha, ila alitutazama kama mtu aliyeombwa fedha zaidi kwa tiketi ileile. Hatuna jibu zuri la kumpa, na tunaliandika hapa ili lisisahaulike.

Turudi kwenye daftari. Hatukulikataa wala hatukulibariki. Tulimwambia kijana: kabla ya Lisbon na Fátima, ambako mahujaji hutembea umbali unaokaribiana na ule wa kutoka hapa hadi Lubumbashi, nenda kwanza Kapolowe kwa miguu. Nenda peke yako. Beba sakado. Usibebe zaidi ya faranga 10,000. Usipite ukingoni mwa barabara kuu penye malori ya shaba na tindikali. Fuata njia za vijiji. Ulipolala uandike, ulichokula uandike, na usimwambie mtu kwamba umetumwa na parokia.

Alikaa siku sita. Aliporudi miguu ilikuwa imevimba na daftari lilikuwa na kurasa nne mpya. Siku ya kwanza, kwenye kizuizi, aliulizwa anakokwenda. Alipojibu "natembea tu", alikalishwa kivulini saa mbili, kwa kuwa hakuna jibu baya kuliko hilo. Siku ya pili kijiji kizima kilikusanyika kumtazama, na mzee mmoja akamwuliza taratibu kama ana ugomvi na baba yake. Alipewa bukari na samaki wa Lufira, akalala katika nyumba ya katekista. Kwa kuwa miguu ilimuuma alikaa pale siku ya pili pia. Siku ya tatu alfajiri mke wa katekista alimwekea mlangoni gunia la mahindi ya kupukuchua, bila neno. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Alipukuchua hadi adhuhuri. Aliandika kwamba hiyo ndiyo saa aliyofurahi kuliko zote, kwa sababu watoto waliacha kumtazama wakaanza kumtania. Misioni ya Kapolowe alifika jioni ya siku iliyofuata, akarudi kwa gari la mkaa. Jumla ya matumizi: faranga 6,500, ambazo 4,000 alizitoa kwa mwenye gari.

Tulimwuliza kama bado anataka Ulaya. Alisema ndiyo, lakini amefuta Marseille na Lourdes, na siku 45 zimekuwa 21, nyingi zake Ureno, ambako kipimo kinafikika. Kwa hesabu yake mpya anahitaji kuweka akiba kwa mshahara wa fundi umeme miaka miwili na miezi minne. Wenzake wanaweka akiba kwa ajili ya Seoul, Agosti 2027. Yeye atakwenda nyuma yao. Ukurasa wa kwanza sasa una kichwa kimoja, "Viza", na chini yake orodha ya karatasi, kila moja ikiwa na alama ya zile anazoweza kuzipata kwa kweli. Mbili hazina alama bado.

Jumapili iliyopita alitufuata tena chini ya mwembe. Alitaka tumchoree ile mashine ya kugongea tiketi, iko upande gani wa stesheni, na karatasi inaingizwa kwa upande upi.

Tulichora kadiri tulivyokumbuka.